Resoru Zilizobaki Kwenye Sanduku

Tukutuku ile haikuwa na ugonjwa wowote. Mgonjwa alikuwa mgongo wa mwenyewe. Pikipiki, siku hizi vijana wanaiita "moto". Sisi tuliita tukutuku, kwa sauti yake ya kupanda mlima, na katika milima yote ya Muheto ilikuwa moja tu: nyeusi, ndefu, ya kusafiria mbali, tangi lake limevimba kama tumbo la mbuzi mwenye mimba. Ilikuwa mali ya mkoloni mmoja aliyelima pareto juu ya mlima na kununua maharagi yetu chini ya mlima. Maharagi aliyapeleka kwenye machimbo ya Walikale kwa lori, na yeye mwenyewe alitangulia kwa tukutuku ili akabishane bei kabla mzigo haujafika. Hapo tulifanana, mimi na yeye. Mimi pia niliishi kwa kubishana bei, ila nilikwenda kwa baiskeli.

Gurudumu la nyuma la tukutuku ile lilikuwa limefungwa chuma kwa chuma. Hakukuwa na resoru hata moja, yaani springi, ya kupokea shimo. Mbele kulikuwa na moja tu, nene, imezeeka, inalia kama mlango wa kanisa. Mkoloni alikuwa na kiti kizuri chenye springi zake ndogo, lakini barabara ya Walikale haikujali kiti. Alirudi kutoka huko akitembea kama mtu aliyebana yai katikati ya magoti. Tulimwonea huruma sana. Tulimwonea huruma tukiwa nyuma ya ghala, ili asitusikie tukicheka.

Fundi wake alikuwa mtu wa msituni, mzaliwa wa Kashebere, pale barabara inapotoka kwenye milima ya Masisi na kuanza kuingia kwenye miti ya Walikale. Alikuwa mwembamba kama ufito, na mikono yake ilikuwa imejifunza kazi kwenye garaji ya machimbo. Alikuwa rafiki yangu kwa sababu mimi nilimletea misumari na yeye hakuniuliza niliitoa wapi. Alikuwa amefungwa na kontra, yaani mkataba wa kazi, ya miaka mitatu, na mwaka wa pili ulikuwa haujaisha wakati mkwe wake, baba wa mkewe, alipotuma neno kutoka Kashebere: maharagi yakivunwa kabla hujarudi, mbuzi zako za mahari zinarudi kwako na mke wako anakwenda kwingine. Mkwe huyo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kawaida, yaani alichoka kulisha mke wa mtu mwingine.

Kukimbia kontra ilikuwa rahisi. Hata mbuzi angeweza. Tatizo lilikuwa kurudishwa. Waliokimbia walirudishwa na kamba, wakalazwa mbele ya ghala siku ya kununua maharagi, watu wakiwa wengi, wakala fimbo, kisha siku walizopotea zikaongezwa mwishoni mwa kontra. Fundi alikuwa amewaona watatu. Akaamua kuomba.

Nilikuwepo. Alivua kofia, akaeleza habari ya mke. Mkoloni alimsikiliza huku ameshika kiuno chake kwa mikono miwili.

"Weye najua tukutuku," alisema, kwa kile Kiswahili chao cha amri. "Tengeneza ile. Mbele na nyuma. Mimi natoka hapa nafika Kashebere, mugongo yangu hasikii kitu, basi nakuacha kule. Kontra yako nakufa."

"Kule kule, Bwana?"

"Pale pale. Lakini weye nakaa nyuma yangu. Kama mugongo nasikia, weye iko karibu na mukono yangu."

Fundi alishukuru. Tulipotoka nikamwambia kwamba biashara ambayo mwenye mali ndiye mwamuzi wa mgongo wake mwenyewe si biashara. Akajibu, "Kaka, weye uko na ingine?" Sikuwa nayo.

Mimi nikatumwa kutafuta vyuma. Nilijua vilipo. Kashebere, kando ya daraja la magogo, kulikuwa na mzee mmoja tuliyemwita Papa, mwenye duka la chumvi, sabuni na vitu vya marehemu. Nyuma ya duka lake alilaza tukutuku ya mzungu wa machimbo iliyoangukiwa na mti. Ilikuwa ya namna mpya: mbele ina mirija miwili mirefu, ndani yake resoru na mafuta, nyuma, kila upande wa gurudumu, mrija mfupi wenye resoru yake, na ekseli inapanda na kushuka humo. Injini ilikuwa imekufa kabisa, lakini miguu yake ilikuwa mizima. Nakumbuka niliwaza kwamba ni maiti wa kwanza niliyemwona mwenye miguu hai.

"Bantu ba milima," Papa alinisalimu, "munakuyaka na maneno mingi na mufuko mudogo."

"Papa, hii iko maiti. Miye nakuya kukusaidia kuzika, na weye unanilipisha?"

"Maiti ya muzungu, kaka. Bei yake haikufaka na yeye."

Tulianza asubuhi. Kila nilipokwenda kuchukua baiskeli yangu niondoke aliniita, na kila aliponiita nilimkuta amepandisha. Nilihesabu meno ya skrubu, nikayahesabu tena, nikamwonyesha kutu ambayo haikuwepo. Mwishowe tukakubaliana, naye akajuta, nami nikajuta. Ndiyo alama ya bei ya haki. Hapo ndipo nilipoona sanduku la mbao chini ya meza. Ndani kulikuwa na resoru nyingine nne, nene kupita zile, zimepakwa girisi. Papa alisema yule mzungu alifunga hizo wakati alipovuta kigari cha pembeni, ambamo mke wake alikaa, na mke wake hakuwa mwembamba.

"Hizi njo matabisi yangu," nikasema, yaani nyongeza ya bure ya mnunuzi.

"Matabisi ni kipande ya sabuni! Matabisi haina kilo!"

Jua lilifika katikati tukiwa bado kwenye neno hilo. Nilipata lile sanduku. Sijawahi kupigania nyongeza kwa jasho kama lile, na nililipandisha mpaka Muheto nikilisifu njiani peke yangu.

Fundi aliona zile nne nene akacheka mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Alizipanga chini kama mtu anayepanga watoto kwa urefu. Alikata mwisho wa fremu ya zamani kwa msumeno, akaunganisha mirija ya nyuma kwa moto wa makaa na shaba iliyoyeyushwa, akapima kwa uzi kutoka gurudumu la mbele mpaka la nyuma, akapima tena, jambo lililonifurahisha. Mafuta ya kutia kwenye mirija ya mbele hayakutosha. Nikatoa shauri: mawese, yapo tele na ni rahisi.

"Weye mutu wa Masisi kweli?" alisema. "Hujui baridi ya kwenu? Mawese asubui iko inaganda sawa mafuta ya ngombe. Bwana atapiga shimo ya kwanza, resoru itakuwa jiwe." Akachanganya mafuta ya injini na mafuta ya taa, akayaonja kwa vidole, akatikisa kichwa, akaongeza.

Likabaki swali la resoru zipi. Hapo fundi alifanya kitu cha uaminifu, na uaminifu ulimgharimu: alimweleza mkoloni kanuni aliyofundishwa machimboni. Watu wawili wakiwa chini ya kilo mia moja na makumi ine, yaani mia na arobaini, unatia zile nyembamba. Wakipita hapo, unatia nene. Usipofanya hivyo resoru zinashuka mpaka mwisho, chuma kinagonga chuma, na ni afadhali ungebaki na tukutuku ya zamani, kwa sababu ile ilikupiga kidogo kidogo. Mkoloni alipenda kanuni zenye namba. Akasema twende kwenye mizani.

Mizani ile lazima niieleze, ingawa hakuna mtu wa Muheto wa wakati ule anayehitaji maelezo. Ilikaa mbele ya ghala, ya ubao mpana wa kukanyaga, na ndiyo iliyopima maharagi yetu. Nyumbani gunia lilihitaji watu wawili kulinyanyua. Likifika pale lilikuwa kuku. Niliwahi kupima gunia langu kwenye misheni, likawa kilo sitini. Nikalipima pale, hamsini. Nilirudi misheni nikalipima tena, maana huenda maharagi yalikonda njiani. Sitini. Kila mkulima alijua hesabu hiyo bila kwenda misheni. Tulisema mizani ya Bwana inakulaka asubuhi na jioni. Tulisema hivyo nyumbani.

Ilikuwa siku ya kununua. Watu walikuwa wengi, kila mmoja na gunia lake. Mkoloni akapanda kwenye ubao, akamwita fundi apande pia. Ubao ulikuwa mpana lakini si kwa urafiki, kwa hiyo fundi alisimama pembeni kabisa kwa mguu mmoja, mwingine akiushikilia hewani nyuma kama korongo, asije akamgusa Bwana. Watu walicheka. Mkoloni naye alicheka, akidhani wanamcheka fundi tu.

Karani akasogeza chuma cha mizani, akasoma: "Mia moja makumi mbili na kenda!"

"Wapi?" mkoloni akainama kutazama. Uso wake uling'aa. "Na huyu ndani? Basi mimi nakonda! Mimi nakonda sana!"

Alijipiga tumbo. Huyo ndiye mtu pekee niliyemwona akifurahia mizani ile. Mwenyewe ndiye aliyeamuru ifungwe vile, na bado aliiamini, kama mganga anayekunywa dawa yake. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuhesabu kwenye vidole. Sita kwa tano, kila hamsini ni sitini. Nilipata mia moja hamsini na kitu. Nikahesabu tena. Ikawa ile ile.

Fundi hakuhitaji vidole. Aliteremka, akaenda moja kwa moja kwenye sanduku, akatoa resoru nene.

"Apana," alisema mkoloni. "Weye mwenyewe nasema mia moja makumi ine. Mizani nasema chini. Juu ya nini unashika ile?"

Fundi alibaki ameinama.

"Hizi ziko nguvu, Bwana. Barabara iko mubaya."

"Barabara haiko ndani ya kanuni yako. Mizani iko." Akatazama watu, kisha akamrudia. "Ao mizani yangu iko bongo? Inasema uongo?"

Pale mbele ya ghala hata wenye mahindi mdomoni waliacha kutafuna. Kapita, msimamizi wa wafanyakazi, alikuwa amesimama na fimbo yake chini ya kwapa. Karani alitazama kalamu. Fundi aliwaza, nadhani, mambo mawili tu, Kashebere na mavuno, na maharagi ya kwanza ya mavuno hayo yalikuwa yameanza kufika, ndani ya magunia pale pale mbele yake.

"Apana, Bwana," alisema. "Mizani yako haina bongo."

Mama mmoja nyuma yangu, gunia kichwani, akapiga ulimi. "Eeh. Basi sisi njo tuko bongo."

Fundi akarudisha zile nene kwenye sanduku, moja moja, akafunga kifuniko. Akatia nyembamba. Alizifunga vizuri sana. Sijaona mtu akifunga kosa kwa uangalifu kama ule. Baadaye, tulipokuwa peke yetu, nilimuuliza kama hawezi kubadilisha kwa siri. Akasema kapita amewekwa alale karibu na tukutuku. Kisha akasema, "Haizuru. Nitakaa mbele mbele, karibu na Bwana. Nitajifanya mwepesi."

Mimi nilitangulia Kashebere na baiskeli, nikiwa na chumvi ya kuchukua kwa Papa, na sanduku lile la matabisi nikalipakia, kwa sababu kitu chenye thamani hakiachwi kwa mkoloni. Siku yao ya kufika nilikuwa nimekaa mbele ya duka, lililotazamana na daraja. Mkwe wa fundi alikuwepo, amevaa koti. Na mke alikuwepo, amesimama mbali kidogo, amevaa kitambaa kilichofuliwa mpaka kimekuwa cheupe mahali palipokuwa na maua.

Tulisikia tukutuku kabla ya kuiona. Mimi nilisikiliza kwa masikio ya mtu aliyeuza: ilishuka kilima laini, kweli, kama maji. Papa alinitazama kwa uchungu, akijua sasa kwamba aliuza rahisi. Kisha ikafika kwenye daraja. Kuingilia darajani palikuwa na gogo lililoinuka kuliko mengine, na mkoloni, kwa kuwa mgongo haukumwambia kitu njia nzima, hakupunguza mwendo.

Ilipanda vizuri. Iliposhuka tulisikia chuma: ka! Mlio mmoja, mkavu, kama jembe kwenye jiwe. Mkoloni aliruka kidogo kwenye kiti chake chenye springi, akarudi. Fundi alikuwa amekaa juu ya chuma cha kufungia mizigo, na gunia lililokunjwa chini yake. Sikuona chochote cha ajabu. Hakuanguka. Ila walipomaliza daraja, miguu yake haikuwa tena kwenye vikanyagio. Ilikuwa inafuata nyuma, ikichora mistari miwili kwenye vumbi mpaka mbele ya duka.

Mkoloni akasimamisha. Akashika kiuno chake, akajipinda kushoto, akajipinda kulia, akapiga kelele ya furaha.

"Hakuna kitu! Mugongo iko muzuri! Weye fundi kabisa!"

Fundi alikuwa amemshika koti kwa nyuma.

"Sasa shuka. Nilisema pale pale. Shuka."

"Miguu inakataa, Bwana."

"Mimi nakata kontra yako. Miguu haina kontra na mimi. Shuka!"

"Bwana, siisikii."

Mkoloni aligeuka, akatazama ile miguu, kisha akatazama vidole vilivyoshika koti lake. Akavibandua kimoja kimoja, bila hasira. Akatuambia mimi na Papa, "Toeni yeye." Tukamtoa. Alikuwa mwepesi kama alivyoahidi. Mkoloni akatoa pakiti ya sigara, akachungulia kuona zimebaki ngapi, akaiweka kifuani mwa fundi.

"Matabisi," alisema. Akawasha tukutuku, akaenda zake Walikale. Lazima niseme ukweli wa biashara: hakudaiwa kitu. Aliahidi kumwacha Kashebere akiwa huru, akamwacha Kashebere akiwa huru.

Mkwe alikuja akasimama juu yake. Alitazama miguu kwa muda mrefu, kama mtu anayetazama meno ya mbuzi.

"Tulisema arudi kabla ya mavuno," alisema. "Amerudi. Hatukusema arudi namna gani. Kosa ni yetu."

"Papa mukwe," nilisema, "mutu amefika. Umupe wakati."

"Weye wa milima, hapa unauza nini?"

Niliuza nilichokuwa nacho. Nilisema mgongo ni kama mti, unarudi. Nilisema mganga wa kuunga mifupa yupo. Niliomba angoje misimu miwili ya maharagi, nikapata mmoja. Mke hakuuliza bei. Alikunja kile kitambaa chake cha juu, akakiweka chini ya kichwa cha mumewe, akasema, "Mumubebe sawasawa, musikunje." Tukambeba juu ya mlango wa duka la Papa, ambao Papa alitukumbusha tuurudishe.

Mganga alikuja akafunga majani. Majani yalikauka, akafunga mengine. Kila nilipopita Kashebere niliingia kumwona, nikamkuta kwenye kitanda kile kile cha mianzi, amelala chali. Mwili ulimuuma kila mara mtu alipokanyaga sakafu. Msimu ukaisha kama misimu inavyoisha, na mbuzi zikarudi. Zilirudi zote, moja ikiwa kilema. Mkwe alisema inalingana. Mke alipelekwa ndani zaidi, upande wa Walikale mjini, na nasikia alilia njia nzima, lakini njia ile ni ndefu na mtu hawezi kulia yote, kwa hiyo sijui.

Nilipofika safari iliyofuata, fundi aliniuliza, "Kaka, ile sanduku uliuza?"

Sikuwa nimeliuza. Nilikuwa nimelijaribu kwa watu wawili, hawakufika bei. Lilikuwa bado kwa Papa.

"Leta. Tutatia moja kila muguu ya kitanda. Mutu akitembea, resoru itakula ile uchungu mbele ya miye."

Nilimleta Papa na sanduku. Fundi alituongoza akiwa amelala, akitutukana kwa upole: si hivyo, geuza, weye unashikaka resoru sawa muke ya mutu. Tulifunga nne zote kwa kamba za mgomba na vipande vya mbao, tukamnyanyua, tukamlaza. Tukangoja.

Hazikushuka hata upana wa kidole. Kitanda kilisimama kigumu kama mwanzo. Papa alikanyaga sakafu makusudi, na fundi akafumba macho.

"Uko mwepesi sana," nikamwambia.

"Keti hapa."

Nikaketi ukingoni. Hazikusogea. Akamwita Papa, na Papa, ambaye chumvi na sabuni zilikuwa zimemnenepesha, akaketi upande wa pili akilalamika. Hapo resoru zikashuka, polepole, bila kelele, zikasimama katikati na kubaki zinapumua. Papa alikanyaga tena. Fundi hakufumba macho. Nilitupima sisi watatu kichwani, kwa kilo za misheni, nikapima tena. Tulikuwa karibu sawa na uzito wa wawili wale juu ya tukutuku.

"Unaona?" fundi alisema, akitazama dari, na alikuwa anacheka. "Zilikuwa njo zile za kutia."

Tulikaa hivyo kidogo. Kisha Papa akainuka, na kitanda kikapanda upande wake. Nikainuka mimi, kikarudi kuwa kigumu.

"Mukae tena kidogo," alisema fundi.

Lakini Papa alikuwa ameacha duka wazi, na mimi nilikuwa na chumvi ya kupandisha Masisi kabla ya mvua.